Kete Tatu za Babu Shemdoe

Sogeeni niwape jambo la kuamua, maana mimi mwenyewe limenishinda.

Babu Shemdoe alikuwa na wajukuu watatu. Semeni alikuwa na masikio. Paka akikanyaga jani uani, yeye keshasikia. Mhina alikuwa na macho. Akikiona kitu mara moja, hakisahau. Stumai alikuwa na miguu, na hakuna aliyewahi kumfukuza akamkamata. Wote walimpenda Kokoto, mbwa mdogo wa babu, na walioneana wivu hadi aibu. Semeni akimpa maziwa, Mhina ananuna. Kokoto akilala karibu na Stumai, wenzake hawali.

Sasa, kete za bao za babu zilikuwa zimepotea kadhaa. Kwa uvivu wake, akajazia mbegu za mbarika zilizodondoka nyuma ya choo, mbegu zenye sumu kali. Siku moja akaliacha bao barazani, akaenda kuoga.

Semeni, akiwa jikoni, akasikia kitu kikipasuka. "Huo si mfupa!" Akatoka mbio, akamkuta Kokoto anatafuna. Akampanua mdomo, akatoa maganda tu.

Mhina akalitazama bao. "Zimepungua tatu, na zote ni za mbarika. Mwambieni bwana mifugo hivyo hivyo, asije akamtibu minyoo."

Stumai alimkumbatia mbwa, akapanda naye mlima wote hadi kwa bwana mifugo, kandambili akaziacha njiani. Bwana mifugo akamtapisha Kokoto, akampa dawa. "Ungechelewa kidogo," akasema, "ungerudi kuchimba kaburi."

Kokoto alipopona, babu alilia kwa aibu. "Sistahili kumfuga. Aliyemwokoa, mbwa ni wake."

Afadhali angenyamaza!

"Bila mimi nani angejua?" akasema Semeni.

"Ulisikia kelele tu," akasema Mhina. "Sumu niliitambua mimi."

"Nyinyi mlibaki mnaongea," akasema Stumai. "Miguu iliyochubuka ni ya nani?"

Wakamweka Kokoto katikati, achague mwenyewe. Akamnusa Semeni, akamnusa Mhina, akamnusa Stumai. Kisha akawapita wote, akajilaza miguuni pa babu, yule yule aliyemwachia sumu. Babu akamsukuma polepole. Mbwa akarudi pale pale. Wajukuu wakamtazama babu yao kwa jicho baya, kwa mara ya kwanza wakiwa kitu kimoja.

Haya, wewe unayejua kuamua: Kokoto ungempa nani?