Behewa la Mkiani

Tajiri Shekue wa mashamba ya mkonge hakupenda masizi, kwa hiyo kila akisafiri, behewa lake la daraja la kwanza lilifungwa mkiani kabisa mwa garimoshi. Siku moja, saa sita ya jua kali, garimoshi likaishiwa nguvu katikati ya kilima. Dereva akamtuma Hoza, mtia makaa, akamwombe radhi.

"Mzigo umetuzidi, bwana."

"Upunguzeni. Wa daraja la tatu washuke, wapande kwa miguu."

"Kuna mzazi mwenye kichanga cha siku tisa, bwana. Na vikongwe."

"Nimekuuliza habari za vichanga? Nimesema mzigo upungue."

Hoza akainamisha kichwa. "Utapungua, bwana. Ila ufunge madirisha na ushushe mapazia, maana hapa moshi wote hurudi nyuma. Na usishangae ukiona kimya. Kilima hiki tunakipanda polepole, mtu wa mkiani hahisi kitu."

Shekue akafunga, akashusha, akajinyoosha. Alisikia minyororo ikigongana, kisha honi, kisha kimya. Kweli, hakuhisi kitu. Akalala.

Aliamka jasho likimtiririka, akavuta pazia. Mbele palikuwa na reli tupu. Chini ya magurudumu palikuwa na mawe makubwa manne, na mama mmoja mkata kuni alikuwa amejipumzisha kwenye kivuli cha behewa.

"Garimoshi liko wapi?"

"Limeshavuka kilima zamani, baba, na watu wake wote ndani wanaimba. Mtia makaa amekuachia salamu. Anasema mzigo umepungua kama ulivyoamuru."