Kidole Kikituma

"Kidole kikituma, mguu haufikii." Mmemsikia shangazi yenu akisema, sasa mnanizonga eti imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia hapahapa mtaani, na mimi nilikuwepo, tena mbio nilipiga!

Wiki ile magaidi walikuwa wamelipua stendi ya mabasi mjini. Watu walikufa, jamani. Na kwenye simu ni matusi tu: Wasomali hivi, Waislamu vile.

Sasa, palikuwa na Nyaga, fundi viatu. Kijana mzuri tu. Jirani yake alikuwa Mama Shukri, Msomali, muuza maziwa ya ngamia. Wauza maziwa hayo hufukiza vibuyu kwa moshi wa kuni, maziwa yasiharibike. Nyaga hakujua hilo! Akachungulia uani, akaona moshi, mama ameinamia vibuyu. Akapiga picha. Akaandika: "Bomu linapikwa hapa kwa Mama Shukri!" Akatuma kwenye kundi la mtaa.

Hata sindano hajaishika, mama yake, Wanjuki, akampigia. "Nyaga! Nimekuja kununua maziwa kwa Mama Shukri, mbona watu wanakuja na mawe?"

Lo! Akaifuta ile picha, akatoka mbio, kiatu cha mteja mkononi. Nami nyuma yake, nahema kama mbuzi.

"Nimefuta! Nimefuta!" alipiga kelele.

"Umefuta nini?" mmoja akamjibu. "Mimi nimetumiwa na shemeji yangu wa Nakuru!"

Tulikuta geti limeshaangushwa. Mlangoni kasimama Wanjuki, kibuyu mkononi. "Nani anataka bomu? Njoo unywe!" Akapiga funda, maziwa yakamchirizika kidevuni. "Mama Shukri, niongeze bomu!"

Watu wakacheka, wakaona haya, mawe chini.

Nyaga akapiga magoti. "Nisamehe, Mama Shukri. Nimekosa. Lakini yameisha."

Papo hapo simu ya Mama Shukri ikalia. Ni binti yake, Shukri, aliyekuwa akisomea uuguzi chuoni, mji wa mbali. Analia, sote tunasikia. "Mama, mwenye nyumba amenitupia vitu nje. Ameona picha yako. Vijana wamejaa barabarani, nimejificha kwa jirani."

Nyaga akaruka. "Ni wapi huko? Naenda!"

Mama yake akamshika shati. "Nenda, umlete. Lakini ujue, mwanangu, kidole kikituma, mguu haufikii."

Alienda, akamrudisha mzima, Mungu mkubwa. Ila chuoni Shukri hakurudi tena, alikataa katakata. Mpaka leo anauza maziwa na mama yake, na Nyaga akipita pale hainui macho.

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Kidole kikituma, mguu haufikii.