Kanga na Jiwe Lililovuka Mto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama waliokula kiporo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Sogeeni, na wewe Hamisa uache kuchokoa huo moto, utatuunguza. Hadithi ya leo si ya kuchekesha. Sungura hayumo, msimngoje.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kikiitwa Tuliani, ukingoni mwa mto mpana. Waliishi humo wenye mbawa na wa mashimoni, pamoja, tangu enzi za babu wa babu zao. Miongoni mwao alikuwepo Kanga mmoja, jina lake Mwanaidi. Jirani yake, mlango kwa mlango, alikuwa Nguchiro aitwaye Mashavu. Walikuwa mashoga wa kuombana chumvi na kusutana kwa mapenzi.

Tuliani ilikuwa na mila yake. Kanga alikuwa jicho la juu, nguchiro alikuwa jicho la chini. Jua la mchana likikolea, kanga wote waliteremka mtoni kunywa maji, mayai wakiyaacha viotani. Nguchiro ndiye aliyekaa mlangoni kuyalinda, maana nyoka anamwogopa nguchiro kuliko anavyoogopa moto. Na nguchiro walipotoka kuchakura mchwa, kanga alipanda kichuguu akatazama mbingu. Akiona kivuli cha mwewe, alilia, "Kekekeke! Ingieni, ingieni, ingieni!" Nao wakazama mashimoni. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Ilikuwa mila tu, kama kuitikia hodi.

Mwaka huo Mwanaidi alikuwa ameatamia. Masika yaliyopita mayai yake yalitoka viza, na masika ya kabla yake viza vilevile. Alitaka watoto, jamani. Alitaka watoto kuliko kitu chochote chini ya jua, na msimtukane kwa hilo.

Sasa ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Tai, mfalme wa huko, alikitaka kilima walichoishi wa mashimoni wa ng'ambo. Walipokataa kuhama, akawaangushia mawe kutoka juu. Aliangusha, akaangusha, akaangusha, mpaka mawe yakamwishia. Ndipo akavuka kuja kwa Jumbe wa Tuliani, ambaye alikuwa Mbuni.

"Nipeni mawe," Tai akasema, "nami sitagusa kifaranga cha Tuliani maisha yangu yote."

Jumbe akakuna shingo yake ndefu. "Vita si vyetu," akasema, "lakini vifaranga ni vyetu."

Basi Tuliani wakaokota mawe. Mwanaidi naye akateremka kijitoni na kikapu, akafikiria watoto wake watarajiwa, akaokota mpaka kikajaa. Alipokuwa akirudi akakutana na Mashavu.

"Shoga, mawe yote hayo ya nini?"

"Ya Jumbe."

"Jumbe anajenga?"

"Labda," Mwanaidi akasema, akapita. Alijua ni ya nini. Alijitia hamnazo.

Mashavu alikuwa na mwana mmoja, Kheri. Kijana huyo alikulia nusu kwao na nusu kwa Mwanaidi. Tangu akiwa mdogo alikaa mlangoni kulinda mayai, mkia umesimama, akijiona askari mkubwa. Haukupita muda ikaja habari ya msiba kutoka ng'ambo. Dada yake Mashavu, mama mkubwa wa Kheri, alikuwa amefariki. Kheri akavuka kwenda kuzika. Aliporudi, alikuja moja kwa moja kwa Mwanaidi.

"Hodi, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Karibu ukae."

Kheri hakukaa. Akatoa jiwe kwapani, akaliweka chini. Lilikuwa jekundu, lenye mstari mweupe katikati. Mawe ya namna hiyo hayako popote ila katika kijito cha Tuliani.

"Hili unalijua?" akauliza. "Nimelitoa kifuani kwa mama mkubwa. Watoto wake walikuwa nyuma yake, wote, amewakumbatia."

Mwanaidi akalitambua jiwe. Alitaka kusema, "Mwanangu, huenda nililiokota mimi, nisamehe."  Lakini akayafikiria mayai aliyoyakalia. Akamfikiria Tai.

"Hayo ni mambo ya wakubwa, mwanangu," akasema. "Ngoja kwanza niangue. Nikishaangua, nitasema."

Kheri akaliokota jiwe lake akatoka. Hakuaga, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kutoka nyumba ile bila kuaga.

Tuliani ile ile kulikuwa na Jogoo. Huyu kazi yake ilikuwa kupanda juu ya kichuguu na kuhutubia, na watu wakamcheka huku wanapepeta mtama. Aliutamani ujumbe, akikalie kiti cha Mbuni, lakini hakuwa na la kusema. Vita vya ng'ambo vikampa la kusema.

"Wa mashimoni ni wale wale," akawika. "Wa ng'ambo na wa hapa, wale wale. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Leo wanagombana na Tai, kesho watakula mayai yenu. Ama wao, ama sisi."

Siku ya kwanza watu wakacheka. Siku ya pili wakacheka wachache. Siku ya tatu hakucheka mtu. Jumbe Mbuni akaona kiti chake kinayumba, naye akaanza kuwika. Mbuni awike! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na amri zikafuata. Nguchiro wasinywe maji bwawa la juu. Nguchiro wasikae barazani mpaka waulizwe. Vijogoo vya mtaani vikamtupia Kheri makapi njiani, vikaimba, "Mla mayai! Mla mayai!" Kheri, aliyeyalinda mayai yale tangu hajaota meno.

Ng'ambo nako kulikuwa na Kicheche. Mnamjua Kicheche, ana mistari mgongoni na harufu yake haisahauliki. Hakuwa amezika mtu katika vita vile, lakini alijua kuzungumza juu ya maiti za wenzake mpaka vijana wakatoka machozi. Kheri akawa anavuka kwenda kumsikiliza. Alivuka mara ya kwanza, akarudi kimya. Akavuka tena, akarudi hataki kula. Alipovuka na kurudi mara ya tatu, Mwanaidi akamsikia nyuma ya ua akimwambia mamake:

"Wenye mbawa ni wale wale, mama. Wa ng'ambo na wa hapa, wale wale. Ama wao, ama sisi."

Mwanaidi alishtuka pale juu ya mayai yake. Ule ulikuwa wimbo wa Jogoo, mwanzo mpaka mwisho, kilichobadilika ni jina tu. Jogoo na Kicheche hawakuwahi kuonana hata siku moja, na wangeonana wangetoana macho. Lakini kila mmoja alikuwa akimpikia mwenzake, na kila mmoja alishiba.

Jioni ile Mashavu akaja, mikono kichwani.

"Shoga, mwanangu ananipotea. Wewe anakuheshimu. Mwambie ukweli wa yale mawe, umwombe radhi, roho yake itatulia. Kisha uende barazani uwaambie waache kuyapeleka. Wewe ni mwenye mbawa, watakusikia."

Ukweli wa yale mawe. Kumbe Mashavu alijua tangu siku ya kikapu, na hakuwahi kumsimanga. Mwanaidi aliona haya mpaka shingo ikamwasha.

"Ngoja kwanza niangue, shoga yangu," akasema. "Yamebaki kidogo tu. Nikishaangua, nitasema."

"Mayai yako yanaangua polepole sana," Mashavu akasema, akaenda zake.

Ikafika siku ambayo zamu ya kulinda ilikuwa ya Kheri. Jua lilikuwa la kupasua vichwa. Mwanaidi alisitasita, kiu imemkaba.

"Nenda tu ukanywe, mama mdogo," Kheri akamwambia, bila kumtazama. "Yako nitayaangalia."

Akaenda. Alikuwa hajajaza hata koo aliposikia kelele. Aliruka, akakimbia, akaruka tena. Alipofika alikuta mlango hauna mlinzi na Swila ameingia ndani. Swila mnamjua, yule nyoka anayetema sumu machoni. Alikuwa ametoka kiota hadi kiota akifyonza mayai. Na Mashavu, aliyekuja mbio kutoka kwenye mchwa, alikuwa amemng'ang'ania kisogoni. Swila alimtemea. Mashavu hakuachia. Akamtemea tena, naye hakuachia, mpaka nyoka akalegea akafa. Mashavu akasimama, jicho moja limekwisha. Mwanaidi aliyaona haya yote kwa macho yake mawili.

Viota vyote vya wenzake vilikuwa na maganda matupu. Akakimbilia chake. Mayai yalikuwa yamefunikwa kwa majani makavu, mazima yote, na juu ya majani limewekwa jiwe jekundu lenye mstari mweupe.

Kheri alikuwa ameshavuka mto.

Mwanaidi akasikia wenzake wanakuja wakilia. Haraka akalifukia jiwe chini ya mayai, akalikalia.

Baraza likaitwa palepale penye viota. Jogoo alipanda kichuguu, na siku hiyo hakuhitaji kuwika kwa nguvu. "Niliwaambia," akasema tu. "Niliwaambia, niliwaambia." Kina mama waliokuwa wanaokota maganda wakaitikia, na nani angewalaumu? Uchungu wa yai unajulikana na aliyelitaga.

Mashavu akasimama mbele yao, uso umevimba.

"Mwanangu amekosa," akasema. "Mimi mamake nasema amekosa, tena kosa kubwa, na aliyemtuma namlaani. Lakini nyoka nimemuua mimi. Jicho langu limebaki hapa. Kama hamniamini, yupo jirani yangu, alifika akaniona."

Wote wakamgeukia Mwanaidi.

 Akisema ameona, watamuuliza mbona mayai yako mazima? Watamuinua. Watalikuta jiwe, waseme alikula njama na Kheri. Watayavunja. Alihisi kitu kinagongagonga chini yake, polepole, kifaranga ndani ya ganda. Hatimaye alikuwa anaangua.

Akatazama chini.

"Mimi nilichelewa kufika," akasema. "Sikuona vizuri."

 Mashavu alikaa chini tu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba akiwa amesimama.

Nguchiro wote wakafukuzwa Tuliani kabla jua halijazama, wakubwa kwa wadogo, waliokosa na wasiokosa. Jogoo akawa Jumbe. Mbuni alidhani kuwika kungemwachia kiti. Akapewa kazi ya kufagia baraza. Mashavu alipita mlangoni kwa Mwanaidi na kitita chake kichwani. Mwanaidi alitamani ardhi ipasuke.

"Yameangua?" Mashavu akauliza.

"Yanaanza."

"Hongera, shoga. Mchana usiwaache peke yao. Swila ana nduguze."

Akateremka mtoni, akavuka kwenda upande ule ule wa Kicheche, maana hakukuwa na upande mwingine. Na vijana waliofukuzwa pamoja naye, ambao hawakuwahi kumsikiliza Kicheche hata siku moja, sasa wakamkuta amewatandikia mikeka anawangoja.

Vifaranga vya Mwanaidi vikatoka, vizuri, na madoa yao. Akavipenda mpaka akaumwa. Lakini mchana haukuwa na mlinzi tena. Akienda mtoni, nyoka anachukua. Asipokwenda, kiu inachukua. Naye Tai, alipokwisha kukipata kilima chake, hakuhitaji mawe tena. Akaja Tuliani kimyakimya akajichotea. Jogoo akasema hiyo ni kazi ya wa mashimoni. Nguchiro hawakuwepo hata mmoja, na watu wakaitikia vilevile.

Kisha ikavuka habari kwamba Kheri alikuwa amefia vitani huko ng'ambo, kabla Tai hajakitwaa kilima, ameangukiwa na jiwe. Mwanaidi akauliza, "Jiwe la rangi gani?" Aliyeleta habari akashangaa swali hilo, akasema hakutazama. Mwanaidi hakujua, na mpaka leo hajui. Wazee husema majuto ni mjukuu. Yeye alimlea mjukuu huyo kabla wanawe hawajaota mbawa.

Kikambakia kifaranga kimoja. Siku moja Mwanaidi alipanda kichuguu, na kivuli kikapita angani. Kabla hajafikiri, shingo ikamnyooka, akalia, "Kekekeke! Ingieni, ingieni, ingieni!"

Kifaranga kilikuwa chini ya ubawa wake. "Mama," kikasema, "mimi niko hapa. Unamwita nani?"

"Namwita jirani."

"Lile shimo halina mtu, mama."

"Najua, mwanangu," Mwanaidi akasema.

Kivuli kikarudi, naye akalia tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo lile. Fukieni moto. Na mwenye jirani, kukicha ampigie hodi.