Kipa Aliyemwagilia Uwanja

Mkataba wa Bwana Lusweti, mwenye timu ya magongo ya Vifaru, ulikuwa na huruma ya ajabu: mchezaji akifukuzwa yuko huru siku hiyohiyo, lakini akiondoka mwenyewe hagusi gongo miaka miwili. Basi alipotaka mpwa wake apewe nafasi ya kipa Atemo, hakumfukuza Atemo. Alimkabidhi mpira wa kumwagilia maji.

"Kuanzia leo utamwagilia uwanja," alisema, akingoja binti wa watu akasirike aondoke. "Ukichoka, mlango ule pale."

"Nichoshwe na maji, bosi, baada ya kudaka miaka sita juani?" Atemo alikunja mikono ya shati. "Ila niandikie barua. Kocha ana mazoea, asije akanirudisha langoni."

Lusweti alifurahi. Aliandika kwamba Atemo si kipa wa Vifaru tena, kazi yake ni kumwagilia tu, akagonga muhuri mara mbili, kwa raha.

Siku ya fainali Atemo aliulowesha uwanja mpaka ukang'aa, kisha akaenda kubadilisha nguo. Timu zilipoingia, alisimama langoni mwa Korongo, wapinzani.

"Mwamuzi, mtoe huyo," Lusweti alifoka. "Ni kipa wangu."

Atemo alimpa mwamuzi ile barua. Mwamuzi aliisoma, akagusa muhuri wa kwanza, kisha wa pili. "Hapa umesema si kipa wako. Kwa mkataba wako mwenyewe, yuko huru kuwadakia wengine."

"Lakini ni mfanyakazi wangu."

"Kabisa, bosi," Atemo alisema, akivaa kofia yake ya kipa. "Ukiona pakavu popote, nionyeshe. Nitapamwagilia baada ya mechi."