Nambike na Maji ya Nakundwa

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa kilima.
*Kilima kikawa na nini?*
Kikawa na ndiva.
*Ndiva ikawa na nini?*
Ikawa na zamu. Sogeeni basi, aliye nyuma asije akasema hakusikia.

Hapo kale, mlimani Upareni, watu walijenga ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kijito. Kila nyumba ilikuwa na mfereji wake na siku yake, mara moja kwa juma. Asubuhi ya zamu, mgawa maji hupuliza baragumu, kisha huita jina la aliyeuchimba mfereji. Huita mara tatu. Mtu wa nyumba ile akiitika, lango hufunguliwa. Wasipoitika, maji huteremka kwa jirani wa chini.

Sasa, mfereji mmoja aliuchimba mwanamke aitwaye Nakundwa. Aliuchimba mwenyewe, kwa jembe lake, akapanda mahindi. Mahindi yalipofika magotini, Nakundwa akaugua. Yalipofika kiunoni, akafa.

Aliacha mume, Mrutu, na binti wa miaka tisa, Nambike.

Mrutu alisema, "Jina lile tuliache lipumzike." Basi likaachwa. Asubuhi halikutajwa, mchana halikutajwa, jioni halikutajwa. Nyumba ikawa na shimo katikati, na wawili wale wakawa wanalizunguka.

Ikaja zamu ya kwanza. Mrutu hakutoka. Nambike akaenda peke yake, akasimama ukingoni.

Baragumu likalia. *Puuu!*

"Nakundwa! Maji yako!"

Nambike akafungua kinywa. Koo likafunga.

"Nakundwa! Maji yako!"

Koo likafunga.

"Nakundwa! Maji yako!"

Mgawa maji akainamisha kichwa, maana alikuwa mtu wa huruma, lakini sheria ni sheria. Maji yakateremka kwa Mzee Sefue.

Mnamjua Sefue? Ni yule akija msibani huanza kwa kuuliza shamba linaishia wapi.

Nambike akateremka hadi mfereji wa mama yake, akaketi ndani yake, kwenye udongo mkavu.

"Umenikalia mlango," sauti ikasema.

Akaruka. Chura akajitokeza kwenye ufa, mgongo umemkauka kama ganda la karanga.

"Shikamoo," Nambike akasema, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba. Sisi tunasubiri maji, na wewe ndiye uliyekwenda kuyaleta. Yako wapi?"

"Waliita. Nikashindwa kuitika."

"Ulishindwaje? Kuitika ni kazi ndogo. Babu yangu aliitika mpaka alipomezwa na korongo, na tumboni aliendelea kidogo."

"Wanaita jina la mama."

Chura akamsogelea. Kisha akasema taratibu, "Basi ni kazi kubwa. Tutajifunza. Vuta pumzi. Jaza koo. Achia!"

Siku sita walijifunza. Chura aliita "Mahindi!" Nambike akaitika, "Abee!" Chura aliita "Mfereji!" Nambike akaitika, "Abee!" Chura aliita "Nakundwa!"

Kimya.

"Haidhuru," Chura akasema. "Tutarudia."

Ikaja zamu ya pili. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mgonjwa. Nambike akaenda na Chura begani.

*Puuu!*

"Nakundwa! Maji yako!"

Akavuta pumzi.

"Nakundwa! Maji yako!"

Akajaza koo.

"Nakundwa! Maji yako!"

Hakikutoka kitu. Chura akaona aibu kwa niaba yake, akaitika mwenyewe: "Kroo!"

Watu wakaangua kicheko. Mgawa maji naye akajizuia kwa shida. "Mwanangu, chura hana nyumba kwenye orodha ya zamu."

Sefue akajikohoza. "Kelele za chura hazimkatazi ng'ombe kunywa maji. Fungueni kwangu."

Yakafunguliwa kwake.

Njiani Chura akapapasa jani la mhindi. "Haya yatasubiri zamu moja tu," akasema. "Ikifika zamu ya nne yatakuwa kuni."

Lakini Sefue alikuwa amemwona mtoto akijaza koo. Akasema moyoni: yule chura anamfundisha, na juma lijalo atafaulu. Mimi nimekwisha kulima hadi mpakani kwa kutegemea maji yale! Basi asubuhi ya zamu ya tatu akawahi mferejini, akamnasa Chura, akamtia katika kibuyu cha uji wa togwa, akakiziba kwa gunzi, akakitundika kiunoni.

Nambike akaja mferejini. "Chura! Chura wee! Chura!"

Hapakuwa na Chura.

Akaenda hivyo hivyo, peke yake. Miguu ilitaka kurudi, akaikataza. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

*Puuu!*

"Nakundwa! Maji yako!"

Koo likafunga.

Sefue akatabasamu, akashika kiuno.

"Nakundwa! Maji yako!"

Koo likafunga. Na humo kibuyuni, Chura, aliyekuwa akiogelea kwenye togwa asiyoipenda hata kidogo, akasikia jina. Akajaza koo. Akaachia.

"KROOO!"

Watu wote wakageuka kumtazama Sefue.

"Mzee Sefue," mama mmoja akauliza, "hilo ni tumbo?"

"Ni... nilikula maharage."

"Krooo!"

"Maharage hayo yalisoma madrasa ya vyura!"

Kicheko kikapasuka bondeni. Sefue akakitikisa kibuyu kwa hasira, gunzi likafyatuka, togwa ikamrukia usoni, na Chura akatoka, mweupe kwa unga, akatua juu ya kichwa chake.

Nambike akacheka.

Sikilizeni vizuri hapa. Tangu siku ya mazishi hakuwa amecheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikafika pale koo lilipofunga. Kikagonga. Koo likafunguka. Na machozi yakaja pamoja nacho, njia ikiwa moja.

"Nakundwa! Maji yako!"

"Abee!"

Akavuta pumzi tena, akajaza koo.

"Abee! Tupo! Maji yetu!"

"Hapana!" Sefue akafoka, togwa ikimtiririka. "Aliyeitwa ni marehemu!"

"Mimi huita jina," mgawa maji akasema. "Sheria inataka mtu wa nyumba aitike. Ameitika. Fungueni!"

Maji yakashuka. Hayakuteremka kwa Sefue hata kumsalimia, yakaingia mferejini kwa Nakundwa, na vyura ishirini wakatoka kwenye nyufa wakipiga kelele kama harusini.

Kule nyumbani, Mrutu alilisikia lile jina likiitwa. Mara zote alikuwa akilisikia, akiziba masikio. Leo alisikia likiitikiwa. Akatoka mbio. Akamkuta bintiye matopeni, akapiga magoti kando yake, akaanza kuondoa majani yaliyoziba njia, kwa mikono mitupu. Wakafanya kazi pamoja mpaka maji yalipofika mstari wa mwisho wa mahindi.

Mgawa maji akateremka kuwaamkia. "Mrutu, kwenye zamu zijazo niite jina gani? Lako, au la mtoto?"

Mrutu akamtazama Nambike. Nambike akatikisa kichwa kukataa yote mawili.

"Ita Nakundwa," Mrutu akasema. Akalisema polepole, lote. "Sisi tutaitika."

Na mimi maji yangu yamefika mwisho wa mfereji. Hadithi hii ikikufaa, mwagilia. Isipokufaa, mfungulie jirani.