Jina Litoke la Kwanza

Wafanyabiashara wote waligombea kizimba kimoja cha mlangoni mwa soko, wakakubaliana kompyuta ichague bila upendeleo. Mzee Shelukindo, tajiri aliyemiliki nusu ya soko, akamvuta pembeni Mwanahawa, mwandishi wa programu ya kura hiyo.

“Jina langu litoke la kwanza. La sivyo, sahau kibanda chako cha simu.”

“Litatoka, mzee. Mbele ya watu wote.”

Siku ya kura, Mwanahawa akabonyeza kitufe. Skrini ikaandika: Shelukindo. Mzee akasimama kushukuru.

“Pole, mzee, umetoka,” alisema Mwanahawa. “Kompyuta inatoa mmoja mmoja. Atakayebaki mwisho ndiye mwenye kizimba.”

“Jina langu umelipanga!”

“Nililipanga kwa agizo la nani, mzee?”

Watu wakamgeukia. Mzee akakohoa, akasema kompyuta haina upendeleo.