Uliweka Nini Humu?

Wapendwa, tulieni kidogo, na nyie kwaya kaeni, niwape la gari. Mimi darasa la pili lilinishinda, lakini gari nalijua. Breki ikilia tu, nakwambia dereva kanywea chai na nini.

Kulikuwa na dereva mmoja wa pikapu, anapakia kabeji Lushoto, anashusha Mombo. Mteremko ule mnaujua. Kona zake hata nyoka anapumzika katikati. Sasa pikapu yake ikapata ugonjwa wa ajabu: kule juu breki zinashika vizuri, ikifika katikati ya mlima pedeli inazama mpaka chini, kama umekanyaga uji. Anahangaika na gia, anavuta hendibreki, anajibana kwenye ukuta wa mlima, ndiyo inasimama. Akikaa kidogo, breki hiyo! Inashika kama hakijatokea kitu.

Akaenda kwa fundi, hukohuko juu Lushoto. Fundi akakanyaga, nzima. Akambadilishia pedi. Mara ya pili akambadilishia mipira yote ya breki. Mara ya tatu jamaa akaja amevimba, na mbele kamkalisha mama yake mzazi, anampeleka hospitali Korogwe, macho yanamsumbua.

"Fundi gani wewe? Miezi mitatu unapapasa tu!"

Fundi hakukasirika. Ningekuwa mimi, spana ingeruka mpaka Kenya. Yeye akauliza tu, "Inakataa ikiwa ya moto au ya baridi?"

"Ya moto. Ikipoa inarudi."

"Basi humu ndani kuna maji. Mafuta ya breki hayachemki ovyo. Maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea. Bwana dereva, uliweka nini humu?"

"Mafuta! Mafuta matupu, haki ya Mungu, na mama huyu hapa anasikia!"

Fundi akafunga boneti taratibu, akafuta mikono. "Kama ni mafuta matupu, gari lako halina ugonjwa. Mpeleke mama."

Mama akajifunga mkanda. "Haya mwanangu, twende, jua linapanda."

Jamaa akashika ufunguo. Nawaambia, ufunguo ule ulikuwa mzito kuliko mifuko kumi ya saruji. Hauzunguki! Anamtazama mama, mama anatabasamu na macho yake yenye ukungu. Jasho lililomtoka mtu yule lingejaza pipa.

Akashuka.

"Fundi... ni maji ya sabuni. Krismasi ile mafuta ya breki yaliniishia njiani, wenzangu wakaniambia weka, yanashika. Yakashika kweli. Baadaye nikaongezea mafuta kwa juu, nikanyamaza."

"Kumbe," fundi akasema. "Hiyo kazi ya nusu saa."

Na mama kule ndani ya gari, kwa sauti ndogo: "Mwanangu, na Jumapili ile ulipoishusha kwaya nzima mlimani kwa gari hili?"

Jamaa akachomoa ufunguo, akamkabidhi fundi.

Sasa nyie mnacheka. Sisi je? Hapa kanisani ni tambarare, tena kuna ubaridi. Humu ndani breki za kila mtu zinashika. Kuna aliyemtukana mwenzake tangu tuingie? Hakuna, watakatifu watupu! Subiri tufike nyumbani, tukute chumvi imezidi kwenye mboga, uone pedeli inavyozama. Halafu tunamrudia Mungu na malalamiko: Bwana, nibadilishie mke. Nibadilishie jirani. Nibadilishie bosi. Ndugu yangu, pedi zako ni mpya! Yeye anakuuliza neno moja tu, tena kwa upole: uliweka nini humu? Na wewe unajua. Siku uliyoweka unaikumbuka, na aliyekushauri unamjua kwa jina. Tumeongezea zaburi kwa juu, tukanyamaza.

Sikulazimishi upige magoti hapa mbele watu wakuone. Nenda nyumbani. Ila ukishashika ufunguo wako, usiwashe kwanza. Geuka, tazama kiti cha pembeni. Nani amekaa hapo, kajifunga mkanda, anakuamini?